Mji Tuliojenga Juu ya Visima

Garissa, mkesha wa safari yako

Sahra, hooyo,

Umelala, na sanduku lako liko mlangoni limefungwa kamba. Mambo ya sabuni, ya kuficha nauli na ya kutokula vyakula vya njiani yamekwisha semwa na wanawake wa mtaa huu wote, na wengine wameyasema mara mbili. Mimi sitayarudia. Nataka kukuandikia kuhusu Burhabo. Kesho unakwenda kusomea upimaji wa ardhi, na kila aliyekuja kukuaga amekupongeza kana kwamba ardhi ni kitu kisafi.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kisomali ndicho nilichokulea nacho, na ndimo tunamoitana hooyo, yaani mama, lakini hakuna aliyenifundisha kukiandika, na nikikusimulia mambo haya kwa mdomo nitapandisha sauti mpaka majirani waamke. Kwa Kiswahili nimezoea kusahihisha insha za watoto wa watu. Huenda kikanituliza.

Tulipohamia Burhabo, kule milimani upande wa magharibi wa Mandera, ulikuwa bado hujaanza shule. Bur ni kilima, habo ni kuni. Waliokipa jina hilo walikiona kimejaa miti, na sisi tukalisoma jina lenyewe kama ruhusa. Nilikuwa nimepewa uhamisho wa kwenda kufundisha huko, na baba yako alifurahi kwa sababu ndiko kwao. Ukame ulikuwa umemaliza ngamia, vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimemwaga watu, na kila njia ilikuwa na malori ya mahindi ya msaada. Ghala la msaada lilijengwa juu ya mgongo wa kilima, kwa sababu huko kuna upepo na gari halikwami kwenye matope. Aliyepoteza mifugo hafuati malisho tena, hufuata ghala. Basi watu wakapanda kilima, kibanda kimoja nyuma ya kingine, kwanza vya mikeka, kisha vya mabati, kisha kuta za mawe.

Zamani hakuna aliyelala juu ya kilima kile. Visima viko chini, kando ya laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu. Vingi viko upande wa magharibi, na huko ndiko mji wote ulikokuwa ukiteka maji. Kimoja kiko peke yake upande wa mashariki, ndani ya korongo lenye migunga na miti ya ubani. Wafugaji walikuwa wakipiga kambi ng'ambo ya laga, kwenye uwanda wenye joto, wakaja kunywesha kwa zamu na kuondoka. Niliwahi kumwuliza babu yako kwa nini hawakukaa juu penye baridi. Aliniangalia kama ninanuka, akasema, "Mtu hukojoa juu ya kikombe chake?"

Sisi tulikojoa juu ya kikombe chetu, hooyo. Tena tulichimba mashimo ili tukojoe vizuri.

Kamati ya ploti ilikutana kila Alhamisi katika duka la mwenyekiti wake. Watu walimwita Ilkadahab, Meno ya Dhahabu, naye alilipenda jina hilo. Alicheka hata pasipo jambo la kuchekesha ili meno yaonekane. Mimi niliingizwa kwa kuwa mwalimu, niwatafsirie wageni wakija. Harufu ya duka lile haijanitoka puani hadi leo: mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye mikeka, miraa iliyotafunwa ikatemwa pembeni, na udi uliochomwa kufunika vyote viwili. Ploti ziligawiwa hapo, vinywa vikiwa vimejaa. Binamu apewe, shemeji apewe, aliyeleta mbuzi jana apewe. Kila ploti ilikuwa na choo chake cha shimo, na kila shimo lilitazama visima. Mawe ya kujengea yalichimbwa ubavuni mwa kilima kilekile, chini kidogo ya safu ya maduka, na aliyesema kwamba huko ni kujichimbia kaburi aliambiwa ana wivu.

Kisha akaja Bwana Mutua. Alitumwa kutoka Nairobi kupima kama kilima kingeweza kubeba mji wa kudumu, maana wakubwa walitaka kuleta ofisi, soko na zahanati. Alikuwa kijana, na soli za viatu vyake zilibanduka kwenye mawe siku aliyofika, lakini hakuwa mjinga wala mvivu. Nilitembea naye kilima kizima. Alidunga kijiti ardhini, kikagota mwambani kabla hakijazama nusu. Alimwaga maji mahali miti ilipokuwa imekatwa, yakateremka mbio; akamwaga penye miti, ardhi ikayanywa. Alishuka visimani, akainama juu ya kimoja, akanusa, akajifuta mdomo ingawa hakuwa ameyaonja.

Alasiri watu walikusanyika mbele ya ghala, naye akasimama kusema alichokiona. Nitakuandikia maneno yake kama nilivyoyatafsiri, kwa sababu nilijitahidi nisiyapunguze.

"Kilima hiki ni ngozi nyembamba iliyotandikwa juu ya jiwe," alisema. "Mmeanza kuichuna. Mvua kubwa ikija itateleza yote, na hata kabla ya mvua, vyoo vyenu vitakuwa vimeshafika kisimani. Mji wenu unafaa uwe ng'ambo ya laga, kwenye uwanda, na huku juu pabaki na miti."

Watu walipiga makofi. Nilishangaa, nikadhani wameelewa. Ilkadahab akainuka, akajaribu Kiswahili chake mbele ya mgeni: "Bwana, tumesikia. Umesema fizuri. Sisi hatuna shida. Hii mlima itafika mbali." Mbuzi akachinjwa, mgeni akapewa figo na ini, akasifiwa mpaka akaona aibu. Asubuhi gari lake liliondoka. Vumbi halijatua, vijana wa kamati walikuwa wakipigilia vigingi vya ploti mpya mahali hasa alipoonyesha kwa kidole kwamba pasiguswe. Nilimwendea Ilkadahab nikamwuliza vipi. Hakukasirika hata kidogo. Alisema yule kijana ana elimu nzuri, Mungu ambariki, na kwamba mtu akitaka ploti yeye ni nani hata amkatalie.

Hakuna kilichofichwa, Sahra. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo. Ungeniambia kwamba walidanganywa, au kwamba hapakuwa na mtu wa kuwaambia, ningewahurumia. Waliambiwa juani, kwa lugha yao, na mimi ndimi niliyekuwa mdomo. Walikubali, wakapiga makofi, wakanawa mikono, wakala.

Katika kikao kilichofuata walinigawia ploti na mimi, nzuri, juu kabisa ya visima, eti mwalimu naye apate. Nilisimama. Niliwaambia wanatia kinyaa. Nilipofika kizingitini nilitema mate, mimi mwanamke, mke wa mtu, mbele ya wazee, na jambo hilo likazungumzwa hadi mji wa Takaba. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa, nikaoga kana kwamba nimetoka kuosha maiti. Nikajiona msafi.

Na nyumba niliyorudia ilikuwa wapi? Unaikumbuka. Ilikuwa ubavuni mwa kilima, na choo chetu kilitazama chini kama vyoo vya wengine. Baba yako aliijenga kabla ya ploti kuwa jambo la kamati, na kwa hiyo nilikuwa nimeshawishika kwamba haihesabiki.

Sasa nikuambie kuhusu eedo yako, shangazi yako Habiba. Wewe unampenda, na ulikuwa ukinilaumu kwamba mimi simpendi. Ni kweli, sikumpenda. Dada ya baba yako alikuwa akiuza mkaa. Mbuzi wake walipokwisha kwenye ukame alichukua shoka, akaingia mlimani pamoja na wanawake wengine waliofiwa na mifugo, na magunia yao yalijipanga kando ya laga yakisubiri malori. Nilikuwa nikihesabu visiki njiani kwenda shuleni mpaka nikakoma kuhesabu. Mikono yake ilikuwa myeusi isiyotakata hata kwa Idi. Sikuweza kunywa chai nyumbani kwake; nilikuwa nikishika kikombe tu mpaka kipoe. Lile gauni la maua alilokununulia, lililokuliza ulipolikosa, ni mimi niliyelitoa sadaka. Nilikuambia limeibwa kwenye kamba. Lilinuka moshi, nami sikutaka unuke kilima kilichokufa.

Siku moja ya Idi nilimwambia mbele ya wageni kwamba anauza mlima kwa magunia. Alikuwa akimmenyea mtoto ndizi. Hakuacha kumenya. Alisema, "Na wewe unaupikia chai."

Baba yako alicheka, mimi nikaondoka. Lakini nilipofika jikoni kwangu nililikuta jiko limewashwa, na gunia limeegemezwa ukutani. Nilijua gunia lile lilitoka kwa nani, maana nilikuwa nikimtuma msichana wa jirani akaninunulie ili nisionekane.

Visima vya magharibi vilianza kubadilika kidogo kidogo. Kwanza povu kwenye kingo. Kisha rangi. Kisha ile harufu, ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja, kama harufu ya mgeni mheshimiwa. Watu walichuja maji kwa kitambaa wakayaita safi. Darasani mwangu watoto walikuwa wakiomba ruhusa ya kutoka mpaka nikaacha mlango wazi. Wewe ulishikwa, unakumbuka, ukalala siku nyingi, macho yakazama. Ubah naye akashikwa. Ubah, binti wa mwisho wa Habiba, ambaye mlikuwa mkiketi naye dawati moja na kugombania kifutio. Wewe ulipona. Sijui kwa nini wewe, na sitajifanya kujua.

Kwenye maziko ya Ubah, Ilkadahab alikuja na kanzu nyeupe, akainua mikono, akasema ni kudura ya Mola. Nilimtazama yale meno. Kudura ni ya Mola, sikatai, lakini choo kilichokuwa karibu zaidi na visima kilikuwa cha Ilkadahab. Nilitaka niseme. Nikakumbuka kwamba mimi nilishatoka kwenye kamati, nikajiambia kwamba nimeshasema langu. Nikafunika pua kwa shuka yangu nikarudi nyumbani.

Habiba alikaa matanga. Yalipokwisha alifunga shoka ndani ya gunia, akalitupia juu ya paa, akaenda dukani kwa Ilkadahab kwenye kikao cha kamati. Hakualikwa. Walisema, "Mama makaa amekuja kutufundisha miti." Alikubali. Aliwaambia yeye amekata mingi kuliko wote waliokaa pale, na ndiyo maana anajua imebaki wapi. Kisha akaketi, na Alhamisi iliyofuata akarudi, akaketi tena.

Alipita kwangu akaniomba twende pamoja. Alisema wanazungumza haraka, wanataja sheria za ardhi kwa Kiswahili ili asishike maneno, na mimi ningemsaidia. Nilimwambia siwezi kukaa na watu wale, wananichefua.

"Wananichefua mimi pia," alisema. "Nakaa karibu na mlango."

Nikakataa, hooyo. Nikakataa huku bado amejifunga kitambaa cha msiba.

Vikao vile nilikuwa nikivisikia kwa watu. Walimtemea miraa karibu na miguu. Walimsimulia vichekesho vya makaa. Alitaka vyoo vya juu ya visima vya magharibi vifukiwe, wakacheka. Alitaka machimbo ya mawe yasimame, wakamwuliza nyumba zijengwe kwa maziwa? Akashindwa kila jambo, na kila aliposhindwa aliaga vizuri. Halafu nikaanza kusikia mambo yaliyonikera zaidi. Kwamba anakunywa chai na Ilkadahab. Kwamba anayasifu meno yake. Kwamba amewaambia wanawake wa mkaa wampigie kura mtu wa Ilkadahab kwenye udiwani, na wao ni wengi. Nilipomwona sokoni nilimwita mnafiki. Aliniuliza kama wewe umerudia kunenepa.

Alichopata kwa unafiki ule ni korongo la mashariki. Hilo tu. Kamati ilikubali pale pasigawiwe ploti, pasichimbwe mawe, pasikatwe mkaa, na mifugo inyweshwe upande wa chini, isipande. Wanawake wake waliendelea kukata miti, nakuambia ukweli wote, ila walivuka kwenda upande mwingine wa kilima, na upande ule umebaki kama kichwa cha mgonjwa. Yeye mwenyewe alihama juu, akajenga hoteli ya chai kwenye uwanda, ng'ambo ya laga, mahali pale Bwana Mutua alipopataja. Watu walimcheka anakwenda kuishi na joto. Lakini madereva hupenda chai kuliko mandhari, malori yakaanza kusimama kwake, na yanaposimama malori watu hufuata. Alisema kidogo sana kuhusu jambo hilo. Mimi nilisema mengi, yote nyumbani kwangu.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ambayo hakuna mtu wa mkoa huu atakayeisahau. Ilinyesha wiki juu ya wiki. Hapa Garissa balaa ilikuwa mto. Kule kwetu ilikuwa kilima. Siku kilima kilipoteleza ilikuwa baada ya alasiri, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na wewe ukikunja nguo. Sikusikia kishindo. Nilisikia kitu kama mtu mzito anayevuta pumzi, na safu ya maduka iliyokuwa juu ya machimbo ikainama polepole, mabati yakifunguka moja moja, ikashuka. Baada yake ukashuka udongo wa ploti mpya. Jiko letu likaenda. Choo chetu kikaenda. Niliona kwa macho yangu vilivyokuwa ndani yake vikimiminika kuelekea visimani, vikaungana na vya jirani, na vya jirani wa jirani, mto mmoja wa kahawia wenye povu, ukijua njia kabisa. Nilitapika palepale. Watu walikuwa wakilia majina ya watu wao, na mimi nilikuwa nimeinama nikitapika.

Waliokufa unawajua, sitawaandika. Visima vya magharibi vilifukiwa na uchafu na mizoga. Mbuzi walikufa kwa homa, wakavimba, na siku nyingi mji mzima ulinuka kiasi kwamba mtu alikula huku akilia. Barabara zilikatika. Maji yalikuwa kila mahali na hakuna la kunywa.

Korongo la mashariki halikuteleza. Migunga iliishikilia ngozi ile nyembamba, na kisima cha ndani yake kilichafuka tope siku chache, kikatulia, kikatoa maji yaleyale. Mji wote ulikwenda huko na jerikeni. Habiba alikuwa ameketi pale penye jiwe akipanga zamu. Nilipofika, mbele yangu walikuwa wamesimama wake wawili wa Ilkadahab. Nilingoja awafukuze. Nilitamani awafukuze, nilikuwa nimeiandaa hata sura yangu. Hakuwafukuza. Aliwajazia, akawaambia wasimwage njiani. Zamu yangu ilipofika alinijazia na mimi kwa namna ileile, wala hakunitazama zaidi ya alivyowatazama wao. Hapo ndipo nilipojua kwamba machoni pake sisi sote tulikuwa kitu kimoja, watu wa juu wenye kiu. Nilikunywa maji yale. Yalikuwa matamu, na sikuyastahili.

Usidhani hadithi inaishia pazuri. Maji yalipopungua, kamati ya maafa iliundwa, na mwenyekiti wake akawa nani? Nadhani umecheka. Helikopta ilileta wageni wenye kofia. Ilkadahab aliwapokea, duka lake likiwa chini ya udongo na meno yake yakiwa mahali pake. Aliwatembeza mpaka korongo la mashariki, nami nikawa natafsiri, maana hapakuwa na mwingine. Akawaambia: hapa ndipo kamati yangu ilipohifadhi mazingira. Nilisita kutafsiri. Nilimtafuta Habiba kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya Ilkadahab, na alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Wageni wakampiga picha yule mtu akiwa ameushika mgunga mkono kama ndugu yake.

Walipoondoka nilimshika Habiba bega nikamwuliza ana moyo gani, amemzika mtoto halafu anampa mtu huyu sifa yake.

"Sifa haininyweshi," alisema. "Ameshalisifu korongo mbele ya wageni. Kesho atalikataje ploti?"

Mimi niliomba uhamisho. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya masomo yako, na wewe pia nilikuambia hivyo. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kuvuta hewa ya mahali pale. Nilikuja Garissa nikitafuta mji usionuka. Unajua nilichokikuta. Tunaishi penye mto, na takataka za soko zinamwagwa ukingoni, na mchanga unazolewa usiku na mchana, na watu wanajenga mahali maji yalipofika juzi tu, alama yake bado iko ukutani. Niliona tena wanaume walewale wanaokubali kila kitu. Hawana meno ya dhahabu, lakini hutafuna vilevile. Baba yako, ambaye sasa yuko Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, na mzigo wake wa biashara, husema mimi nina pua ndefu. Huenda. Miaka hii yote nimeitegemea pua yangu kama mtu anavyotegemea dini. Nilidhani kunusa uozo ni nusu ya kuuondoa. Sahra, si hata robo. Ilkadahab hakuwahi kuogopa chuki yangu. Nilipotema mate kizingitini nilimpunguzia mtu mmoja wa kumwuliza maswali.

Wewe umeirithi pua hii. Nimekuona ukikunja uso watu wakizungumza upuuzi, ukainuka na kuondoka, na majirani wakisema huyo ni mama yake mtupu. Utafundishwa kupima mteremko, kina cha udongo na mwendo wa maji, na utaijua kazi hiyo vizuri, sina shaka. Kisha utatumwa kwenye kilima fulani. Utasema ulichokiona na watu watakupigia makofi. Usiyaamini, wala usikasirike ukapanda gari asubuhi. Bwana Mutua alikuwa mtu mwema, na hakuna hata mti mmoja wa Burhabo uliosimama kwa sababu yake, kwa kuwa sisi tuliobaki hatukubaki kikaoni. Nami sikuandikii ili uwe Habiba. Habiba amekata miti mingi, na yeye mwenyewe hajisamehi kwa hilo, nimemsikia akisali. Nakuandikia ili tumbo likikuchafuka ujue kwamba hapo ndipo kikao kinapoanza.

Jambo la mwisho, na hili katika nyumba yetu analijua baba yako tu. Mwezi uliopita dereva mmoja wa Mandera aliniletea habari kwamba Ilkadahab anazunguka akisema watu wamekuwa wengi, uwanda una joto, na korongo la mashariki lina nafasi nzuri ya ploti. Wageni wa helikopta wamesahaulika. Nililala na habari hiyo, nikaamka nayo. Kisha nikaenda ofisi ya elimu nikaomba nirudishwe Burhabo. Karani alidhani amenisikia vibaya, kwa maana watu huomba kutoka huko. Wiki mbili zilizopita nilikubaliwa. Kwa hiyo chuo kikifungwa usiteremke Garissa, hutanikuta. Panda lori la Mandera, umwambie dereva akushushe ng'ambo ya laga.

Nilimtumia Habiba habari kwa dereva yuleyule. Niliandaa maneno mengi ya kumwomba radhi, ya gauni, ya chai, ya Ubah, na dereva alipoyasikia akaniambia hawezi kubeba yote hayo, nichague moja. Nikamwambia basi amwambie tu kwamba nakuja. Nilitazamia angalau salamu. Alichorudisha ni neno moja, na dereva alilitamka huku akiteremsha mizigo, bila kujua limebeba nini:

"Alhamisi."

Safiri salama, hooyo. Allah akutangulie njiani na akurudishe.

Aliyekuzaa,
Hooyo